Kupanga Ziara Fupi ya Familia Katika Bustani za Burudani za Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi

Kila likizo za shule zinapokaribia, maswali huwa ni yale yale: siku ngapi zinatosha, mtoto wa miaka minne ataruhusiwa kupanda nini, ni bora kulala Dubai au Abu Dhabi, na je, tiketi ya bustani zote ina faida? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia inayokwenda huko kwa mara ya kwanza kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Nairobi, ikiwa na siku nne au tano tu na watoto wa umri tofauti. Msimamo wangu ni mmoja na utauona karibu katika kila hatua: ziara fupi hupangwa kwa kupunguza, na anayeamua kipi kipunguzwe ni mtoto mdogo kuliko wote, si bei ya tiketi.

Kisiwa cha Yas kipo upande wa mji wa Abu Dhabi unaoelekea Dubai, karibu sana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Zayed. Kina bustani nne kubwa. Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010, ni ya wapenda mwendo kasi. Yas Waterworld, ya mwaka 2013, ni ya michezo ya maji. Warner Bros. World, ya mwaka 2018, ni ya vikaragosi na mashujaa wa filamu, na SeaWorld, ya mwaka 2023, ni ya viumbe wa baharini. Mei 2025 Disney nao walitangaza kwamba bustani yao itajengwa kisiwani hapo, lakini kutangaza si kufungua, na mtu anayekuuzia tiketi ya Disney ya Abu Dhabi kabla ya kampuni yenyewe kutangaza tarehe ya ufunguzi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

- Pasipoti ya kila msafiri, hata mtoto mchanga, iliyobakiza angalau miezi sita kabla ya kwisha muda wake.
- Futi ya fundi cherehani. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha hii, na ndicho kitakachookoa fedha nyingi zaidi.
- Kalenda yenye tarehe za likizo za shule, Ramadhani na sikukuu za Idd.
- Kadi ya benki iliyoruhusiwa kulipa nje ya nchi na kwenye mtandao. Ijulishe benki yako kabla ya kusafiri.
- Barua ya ridhaa ya mzazi wa pili, iliyoshuhudiwa na wakili, ikiwa mtoto anasafiri na mzazi mmoja au na jamaa.
- Bima ya safari inayogharimia matibabu.
- Cheti cha daktari kwa kila dawa ya hospitali utakayobeba. Falme za Kiarabu zinadhibiti vikali baadhi ya dawa za maumivu, zikiwamo tramadoli na zenye kodeini, hivyo usizibebe kiholela hata kama nyumbani zinauzwa dukani.

Adapta ya umeme si ya lazima kwa wengi, kwa kuwa soketi za huko ni zile za pini tatu za mraba tulizozoea Kenya na Tanzania.

HATUA YA 1: PIMA WATOTO KABLA YA KUTAZAMA BEI

Msimamishe kila mtoto ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kisha uandike urefu wake kwa sentimita. Mlangoni mwa mchezo wenye masharti ya urefu kuna ubao wa kupimia, na mhudumu humsimamisha mtoto hapo mbele ya foleni nzima. Mtoto akipungua sentimita moja hapandi, na hapo umri wake, ujasiri wake na machozi yake havisaidii kitu.

Baada ya kupima, fungua tovuti rasmi ya kila bustani, tafuta masharti ya urefu ya kila mchezo, na uandike mbele ya jina la kila mtoto michezo anayoruhusiwa. Zingatia kwamba michezo mingi ina vipimo viwili: urefu wa kupanda peke yake, na urefu mdogo zaidi wa kupanda akiwa na mtu mzima. Formula Rossa, ile rolakosta (vigari vinavyokwenda kasi kwenye reli) ya Ferrari World ambayo hufikia kilomita 240 kwa saa katika muda wa sekunde tano hivi, inataka sentimita 140. Tuseme una watoto watatu: wa kwanza ana sentimita 148, wa pili 126 na wa tatu 101. Wa kwanza atapanda karibu kila kitu, wa pili atapanda sehemu tu ya michezo mikubwa, na wa tatu atakuwa mtazamaji kwa muda mrefu ikiwa umechagua bustani kwa kumfuata kaka yake. Karatasi hiyo moja inajibu nusu ya maswali ambayo watu huyauliza baada ya kulipa.

Watu wazima nao wajipime kwa namna yao. Mjamzito, mwenye matatizo ya moyo, mgongo au shingo, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni hawaruhusiwi kwenye michezo ya kasi, na hilo lijulikane mapema ili ieleweke nani atabaki na mdogo na nani atapanda na mkubwa.

HATUA YA 2: CHAGUA TAREHE KWA KUANGALIA JOTO, SIKUKUU NA SIKU ZA WIKI

Kuanzia Novemba hadi Machi hali ya hewa ni nzuri, na unaweza kutembea nje mchana bila taabu. Kuanzia Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na unyevunyevu wa pwani huzidisha adha. Likizo yetu ya katikati ya mwaka huangukia humo humo. Hilo lisikukatishe tamaa, kwa sababu Warner Bros. World, SeaWorld na sehemu kubwa ya Ferrari World zimo ndani ya majengo yenye viyoyozi, na hoteli nyingi hushusha bei wakati huo. Ila ukubali kwamba baina ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni hutatoka nje na watoto, na kwamba Yas Waterworld, ambayo iko wazi chini ya jua, itakuchosha upesi.

Desemba ina mitego miwili. Wa kwanza ni mashindano ya magari ya Formula 1 katika njia ya Yas Marina, ambayo kwa miaka ya karibuni hufanyika mwanzoni mwa mwezi huo na hupandisha bei za hoteli za kisiwa kizima. Wa pili ni wiki ya Krismasi na mwaka mpya, ambapo foleni huwa ndefu kuliko wakati mwingine wowote. Kwa familia zenye nafasi ya kuchagua, siku zilizo katikati ya vipindi hivyo viwili ndizo bora. Sikukuu za Idd nazo hujaza watu, wengi wao wakitoka nchi jirani kwa magari. Katika Ramadhani bustani hubaki wazi, lakini saa za kufungua na kufunga hubadilika.

Kuhusu siku za wiki, tangu Januari 2022 mapumziko ya mwisho wa wiki nchini humo ni Jumamosi na Jumapili, huku ofisi za serikali zikifungwa Ijumaa mchana. Miongozo ya zamani bado inasema Ijumaa na Jumamosi, usiifuate. Bustani ziwekwe kati ya Jumatatu na Alhamisi.

HATUA YA 3: CHAGUA BUSTANI MBILI, IKIZIDI SANA TATU

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kwa kuwa bustani zote zipo kwenye kisiwa kimoja na kuna tiketi za pamoja, watu hupanga mbili kwa siku moja, asubuhi hii na jioni ile. Kwa vijana wawili wenye miguu mizima jambo hilo linawezekana. Kwa familia yenye mtoto wa miaka mitano, bustani ya pili huishia kuonekana kutoka kwenye benchi huku mtoto amelala begani. Bustani moja kwa siku inatosha, na ikiwezekana kuwe na siku ya mapumziko katikati.

Ikiwa mdogo wako hajafika sentimita 110, anza na Warner Bros. World. Ina maeneo sita, yote ndani ya jengo, na mawili kati yake, Cartoon Junction na Bedrock, yana mambo mengi ya kuwaridhisha wadogo. Eneo la Gotham City limejengwa liwe na giza la usiku wakati wote, likiwa na sauti kubwa na sura za kutisha, hivyo mtoto mwoga asiingizwe humo kwanza, kwani hofu hiyo atatembea nayo hadi jioni.

Ikiwa mnasafiri na bibi au babu, au na mtoto anayesukumwa kwenye kigari, SeaWorld ndiyo chaguo langu la kwanza. Kutazama viumbe hakuna sharti la urefu. Tangi lake kubwa, katika eneo liitwalo Endless Ocean, lina lita milioni 25 za maji na hutazamwa kutoka ghorofa zaidi ya moja, kwa hiyo mdogo hubandika uso kwenye kioo akiwatazama papa na samaki aina ya taa wakipita, na bibi yake naye huwaona vizuri akiwa nyuma yake bila kusukumana na mtu. Rolakosta zipo pia kwa wakubwa, ila usiende huko kwa ajili ya hizo.

Ferrari World inafaa zaidi familia ambayo watoto wake wengi wamepita sentimita 130. Ina michezo ya wadogo na sehemu ya familia, lakini sifa yake hasa ni kasi. Yas Waterworld ni nzuri kwa wanaopenda maji, mradi isiwekwe siku ya mwisho: nguo mbichi ndani ya sanduku linalokwenda kupimwa uzito uwanjani ni gharama isiyo na sababu.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa siku tano ni huu: siku ya kwanza ni ya kufika na kulala, ya pili ni bustani kuu, ile iliyochaguliwa kwa ajili ya mdogo, ya tatu ni maji au mapumziko ya hotelini, ya nne ni bustani ya pili, ambayo wakubwa ndio watakaoifurahia zaidi, ya tano ni maduka na safari ya kurudi. Usiweke bustani siku ya kufika. Safari ya ndege kutoka kwetu ni ya saa tano au zaidi, nyingine ni za usiku, na saa za huko ziko mbele yetu kwa saa moja.

HATUA YA 4: SHUGHULIKIA VIZA KABLA YA KULIPIA LOLOTE LISILOREJESHWA

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza iliyopatikana kabla ya safari. Kwa kawaida huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala wa usafiri, na kila mtoto huombewa yake. Masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo habari ya jirani aliyesafiri mwaka juzi isikutoshe. Uliza shirika utakaloruka nalo. Hakikisha majina kwenye ombi yanafanana na ya pasipoti herufi kwa herufi, hasa majina yetu yenye tahajia nyingi kama Mohamed na Mohammed, au Aisha na Asha.

Wanaopita Abu Dhabi au Dubai wakiunganisha ndege kwenda kwingine wanaweza kuomba viza ya mpito ya saa 48 au 96 kupitia mashirika ya ndege ya nchi hiyo. Saa 96 zinatosha bustani mbili, bila zaidi. Kukaa kupita muda wa viza hutozwa faini ya dirhamu 50 kwa siku kwa kila mtu, na familia ya watu watano itaona jinsi hesabu inavyopanda.

Kuhusu ndege, kutoka Nairobi unaweza kufika Abu Dhabi moja kwa moja kwa Etihad. Walio wengi, hasa wanaoanzia Dar es Salaam na Zanzibar, hutua Dubai na kuendelea kwa barabara, jambo linalotuleta kwenye malazi.

HATUA YA 5: AMUA PA KULALA NA NAMNA YA KUFIKA

Wengi wetu tuna ndugu Deira, mjini Dubai, au Sharjah, jirani yake, na si adabu kwenda huko bila kuwafikia. Lakini kutoka Deira hadi Yas ni zaidi ya kilomita 100, na ukienda na kurudi kila siku utatumia karibu saa tatu barabarani na watoto waliochoka. Pendekezo langu ni kulala kisiwani siku za bustani tu, kisha kuhamia kwa ndugu kwa siku zilizobaki. Hoteli za Yas huunganishwa na bustani na maduka ya Yas Mall kwa mabasi ya bure yaitwayo Yas Express. Uliza hotelini ratiba yake, kwa sababu kuchelewa basi moja ni kusubiri lingine. Ferrari World imeungana na Yas Mall, kwa hiyo ukitaka chakula cha bei nafuu kidogo, unakipata bila kupanda gari.

Onyo kwa wanaotegemea basi la umma kutoka Dubai: basi E101 linaloondoka kituo cha Ibn Battuta, ambalo nauli yake imekuwa dirhamu 25 na hulipwa kwa Nol, kadi ya nauli ya usafiri wa umma wa Dubai, linakwenda hadi kituo kikuu cha mjini Abu Dhabi, ambacho ukitokea Dubai kiko mbali zaidi, baada ya kuipita Yas. Ukishuka huko utalazimika kurudi nyuma kwa teksi umbali wa kilomita 30 hivi. Kwa mtu mmoja bado kuna nafuu. Kwa watu watano wenye masanduku, linganisha kwanza na teksi kubwa kutoka Dubai hadi mlango wa hoteli, kwani tofauti huwa ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Ukikodi gari, kumbuka kwamba huko magari hupita upande wa kulia wa barabara, kinyume na Kenya, Tanzania na Uganda. Dereva aliyeshuka kwenye ndege ya usiku asijaribu kujifunzia kwenye barabara kuu ya Sheikh Zayed. Leseni ya kimataifa inahitajika, na sheria inataka kiti maalumu cha gari kwa mtoto wa hadi miaka minne.

HATUA YA 6: TENGENEZA BAJETI KWA DIRHAMU

Dirhamu imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.67 hivi kwa dola moja, kwa hiyo bei za huko hazipandi na kushuka kwa dola. Kinachobadilika ni shilingi yako. Gawanya bei ya dirhamu kwa 3.67 upate dola, kisha ubadilishe kwa kiwango cha benki yako cha siku hiyo.

Familia nyingi huhesabu nauli, hoteli na tiketi, kisha hushangazwa na mengine: viza za watoto, chakula ndani ya bustani, kukodi kabati la kuhifadhia mizigo, kukodi kigari cha mtoto, picha zinazopigwa kwenye michezo, na tozo za utalii ambazo hoteli hudai wakati wa kuingia. Hoteli pia huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na fedha hizo huchukua siku kadhaa kurudi. Mwenye kadi moja tu yenye fedha zote za safari anaweza kujikuta hana cha kulipia chakula cha jioni, hali akiba ipo lakini imefungwa.

Jambo jingine la bajeti ni maduka. Njia ya kutokea ya michezo mingi hupitia dukani, na mtoto hupita katikati ya midoli kila anaposhuka. Mpe kila mtoto kiasi chake mapema, mwambie ndicho hicho kwa ziara nzima, na mkubaliane kwamba ununuzi utafanywa wakati wa kuondoka tu.

HATUA YA 7: NUNUA TIKETI

Nunua kwenye tovuti rasmi za bustani, kupitia hoteli, au kwa wakala mwenye ofisi unayoijua. Kabla ya kununua, angalia kwanza hoteli yako inatoa nini, kwa kuwa baadhi ya hoteli za Yas hujumuisha tiketi za bustani kwenye bei ya chumba, na kuna wanaolipa mara mbili kwa kutosoma ukurasa wa pili wa uthibitisho wao. Soma pia kama tiketi ina tarehe maalumu, kama inabadilishwa, na umri ambao mtoto huingia bure. Tiketi ya siku nyingi iliyotumika nusu, inayouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, usiiguse.

Tiketi ya bustani zote ina faida kwa anayekaa wiki. Kwa siku mbili za bustani, fanya hesabu ya tiketi mbili za kawaida kwanza. Bei ya pamoja inavutia, lakini inakusukuma kujaza siku ambazo ulikwisha kuamua zibaki tupu.

Kuna pia pasi ya kulipia ya kupita foleni kwa haraka. Siku ya kawaida, kama Jumanne, pasi hiyo haina maana. Katika wiki ya mwisho ya Desemba, kwa Ferrari World na kwa watoto waliofikia urefu, inaweza kuokoa siku. Usiwanunulie wadogo ambao hawaruhusiwi kupanda michezo inayohusika. Isome orodha ya michezo iliyomo na uilinganishe na karatasi yako ya hatua ya kwanza.

HATUA YA 8: ANDAA MAVAZI NA MFUKO WA SIKU

Vaeni viatu vilivyokwisha kuvaliwa, vyenye kufungwa. Kandambili huvuliwa kwenye michezo mingi na mpya huchubua. Kwa wanawake na mabinti wanaojisitiri, mtandio wa kuvuta kichwani usio na pini ni bora kuliko wa kufunga, kwa sababu wahudumu wa michezo ya kasi hukataza pini, vibanio na ncha za nguo zinazopepea, na watakuomba uzichomeke au ubaki. Suruali pana chini ya baibui hurahisisha kukaa kwenye vigari. Kwenye bustani ya maji, mavazi ya kuogelea ya kujisitiri yanakubalika mradi yawe ya kitambaa cha kuogelea na yasiwe na zipu au vyuma. Khanga, fulana za pamba na jinzi hazifai kwenye mteremko wa maji.

Ndani ya majengo viyoyozi huwa vikali. Beba sweta la kila mtoto hata mwezi wa saba. Mfuko wa siku uwe mdogo: chupa ya maji kwa kila mtu, dawa, nguo moja ya kubadilisha ya mdogo, krimu ya kuzuia jua, na betri ya akiba ya simu. Chakula cha nje kwa kawaida hakiruhusiwi, isipokuwa cha mtoto mchanga au cha mwenye sharti la kiafya. Chakula cha halali si tatizo, na vyumba vya kuswalia vipo. Uliza vilipo mnapoingia, si adhana inapokaribia.

HATUA YA 9: SIKU YENYEWE

Kunyweni chai nzito hotelini, kisha mfike dakika 30 kabla ya mlango kufunguliwa. Saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi, na wengi huipoteza kwenye duka la mlangoni na kupiga picha. Nendeni moja kwa moja kwenye mchezo mnaoutaka kuliko wote, ambao mara nyingi uko mbali na mlango, halafu mrudi nyuma taratibu. Kuleni chakula cha mchana kabla ya saa sita au baada ya saa nane. Mchana, nguvu zinapopungua, pangeni maonyesho ya kukaa kitako.

Familia igawanyike bila kuona haya. Mzazi mmoja aende na mkubwa kwenye kasi, mwingine abaki na mdogo kwenye vikaragosi, kisha mbadilishane. Muulizeni mhudumu wa mchezo kama wazazi wanaruhusiwa kupokezana bila kupanga foleni upya. Kumbukeni kwamba simu za sauti na video za WhatsApp hazifanyi kazi nchini humo, ingawa ujumbe wa maandishi hupita. Kwa hiyo msiagane kwa kusema "utanipigia". Chagueni mahali na saa ya kukutana, na kila mtoto mwenye kuelewa aonyeshwe mahali hapo kwa kidole.

Picha za familia yenu pigeni mtakavyo, lakini msiwapige picha wageni, hasa wanawake na watoto wao, kwani sheria za faragha za huko ni kali.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Viza imechelewa. Ndiyo sababu tiketi za bustani hununuliwa mwisho. Kama ulikwisha nunua zenye tarehe, waandikie bustani kabla ya tarehe hiyo kufika. Baada ya siku kupita, nafasi ya kubadilishiwa huwa ndogo sana.

Mchezo mkuu umefungwa. Michezo hufungwa kwa matengenezo, na ya nje, ikiwamo Formula Rossa, inaweza kusimamishwa kwa sababu ya upepo au vumbi. Angalia tovuti usiku wa kuamkia siku yako. Ukiukuta umefungwa kwa hali ya hewa, endelea na mingine na uulize tena baadaye, kwa maana mara nyingi hufunguliwa siku hiyo hiyo.

Mtoto amepungua urefu mlangoni. Usibishane na mhudumu na usimwongezee mtoto soli. Wahudumu wameona mbinu zote. Mwondoe haraka mbele ya ubao, mpeleke kwenye mchezo uliokwisha kuuandika mbele ya jina lake.

Mtoto amepanga foleni, kisha ameogopa mlangoni. Mwacheni atoke. Michezo huwa na njia ya kutokea kabla ya kupanda, na mzazi mmoja hutoka naye.

Mtoto amepotea. Usianze kuzunguka. Mtu mmoja abaki alipoonekana mwisho, mwingine amfuate mfanyakazi wa karibu mwenye sare, ambaye ana njia ya kuwasiliana na wenzake wote. Itasaidia sana ikiwa asubuhi mlipiga picha ya mtoto akiwa na nguo za siku hiyo, na kama mkononi ana bangili yenye jina lake na namba ya simu inayopatikana huko, pamoja na namba ya msimbo wa nchi.

Mtoto ana homa au amezidiwa na joto. Bustani zina chumba cha huduma ya kwanza. Mpeleke huko kabla ya kutafuta teksi. Nje ya bustani, namba ya gari la wagonjwa ni 998 na ya polisi ni 999. Piga bima yako mapema, kwa kuwa baadhi hutaka kujulishwa kabla ya matibabu makubwa kuanza.

Kadi imekataliwa. Kwa kawaida ni benki ya nyumbani iliyozuia muamala wa nje. Kuwa na dirhamu taslimu za kutosha teksi na chakula cha siku moja, na kadi ya pili kwenye mfuko wa mtu mwingine wa familia.

Wote mmechoka siku ya tatu. Lala. Kama bwawa la hoteli limeshalipiwa ndani ya bei ya chumba, watoto wataogelea hadi jioni, na tiketi ambayo haijawekewa tarehe itatumika kesho yake.